Kaburi la Ndama

Dokta Koti hakuwa daktari, ila koti alikuwa nalo, jeupe pee, na mjini watu husalimia koti kwanza. Udaktari wenyewe aliuokota kwenye duka la dawa za mifugo alikokuwa akifagia. Basi alipochungulia zizi la Mama Maziwa akamwona ndama jike, mtoto wa ng'ombe anayenywesha mtaa mzima, kajikunyata, mkia umelowa uharo wa manjano, moyo ulimruka kwa furaha. Mungu amsamehe.

"Pole sana, mama," alisema, uso wa msibani. "Hawa ni bakteria wabaya. Watawarukia ndama wenzake, kisha wewe. Ukimshika bila kunawa kwa sabuni, umekwisha!"

"Maskini mimi! Nifanyeje, baba?"

"Huyu ni wa kuzikwa tu. Nipe nikamzike mbali. Bure, mama, ni huruma."

Mama Maziwa alilia kweli. Ndama wengine wawili walikuwa mle mle zizini, na hakuwa na pa kumtenga mgonjwa. Alimtazama Dokta, akalitazama koti, akafuta machozi.

"Mchukue, mwanangu."

Dokta alimficha kwenye chumba alichopanga. Usiku na mchana akamnywesha maji ya chumvi na sukari, akamdunga dawa aliyoikwapua dukani, akamfunika blanketi lake mwenyewe. Kichwani alishamwona amekuwa mtamba mnono, karibu kuzaa, anagombewa na wanunuzi. Mkono uliomfuta ndama nyuma ndio huo huo uliomega mkate. Sabuni? Hayo yalikuwa maneno ya kuwatishia wateja.

Siku ndama aliposimama na kuanza kutafuna shuka, Dokta alikuwa chooni tangu alfajiri, jasho linamtiririka, akijua fika ni bakteria gani na wamepitia wapi.

"Hodi, Dokta!" sauti ikaita nje ya mlango wa choo. "Nimekuja kuzuru kaburi."

"Liko mbali, mama! Njoo kesho!"

"Mbuuu," akasema marehemu kutoka chumbani.

"Mwenye nyumba wako ni mteja wangu," Mama Maziwa alisema kwa upole. "Kila asubuhi ananipa habari: leo kanywa, leo kasimama. Nikamwambia mwache amalize kazi, ndama wangu hajapata yaya kama huyu. Na wenzake wako salama, asante."

"Mama, huyo ni ndama mwing..." Tumbo likamkatiza.

Mlango wa chumba ukafunguliwa, kwato zikasikika zikija uani taratibu. Kisha kipande cha sabuni kikasukumwa chini ya mlango wa choo.

"Unawe vizuri, mwanangu. Nikiuguliwa tena, nitakuita."