Uzinduzi wa Kituo cha Kunyoosha Meno na Mataya

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wasaidizi wangu, na wasaidizi wa wasaidizi wangu, ambao bila wao wasaidizi wangu wangelazimika kufanya kazi. Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Taya la Juu mlioketi kulia, na wa Kamati Ndogo ya Taya la Chini mlioketi mbali nao. Mwenyekiti wa soko. Mwalimu mkuu na wanafunzi wako mliosimama juani tangu asubuhi kwa ajili ya kujenga uzalendo. Madaktari, kama mpo. Wazazi, walezi, na ninyi nyote mliokuja na meno yenu: salamu zangu ziwafikie kwa mujibu wa itifaki, na itifaki ikishazingatiwa, nazirudia tena bila itifaki. (Makofi. Mkuu wa itifaki anainuka, anainama, anaketi.)

Ndugu wananchi, meno yaliyopinda si jambo la kuchekea, na ndiyo maana wenye nayo hawacheki. Ofisi yangu, yaani Uratibu Mkuu wa Meno na Mataya, ilifanya upembuzi yakinifu wa kina, mpana na mrefu, ikabaini kwamba asilimia mia moja ya waliochunguzwa wana mdomo, na kwamba robo tatu yao, walipoombwa kuufumbua, waliufumbua, wakati waliosalia waliuliza kwanza watapewa nini. (Kicheko upande wa soko.) Data hizo zipo, na anayezitaka ataziona pindi zitakapopatikana.

Chimbuko la mradi ni dada yangu mkubwa, fundi cherehani, aliyeketi pale mstari wa mbele na ambaye nimemwomba asiseme chochote. Dada ana binti, mpwa wangu mimi, mtoto mpole, ambaye alipoanza kuota meno ya ukubwani, yale ya chini yalitangulia mbele ya yale ya juu, kinyume kabisa cha utaratibu. Mwanzoni hakuna aliyetambua. Mwalimu wake alidhani amenuna, akawa anamwadhibu kwa kununa. Wenzake wakambatiza Droo, kwa kuwa walisema taya lake limetokeza kama droo ambayo mtu ameisahau wazi. Mtoto akajifunza kuzungumza huku amejiziba mdomo kwa kiganja, kisha akajifunza kutozungumza kabisa, nasi nyumbani tukamsifu kwa utulivu. Siku moja dada, mikono yake ikiwa imeshika kitambaa, akamwambia amkatie uzi kwa meno. Mtoto akauma, akauma tena, uzi ukawa unateleza tu. Dada akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani, akamwambia aume polepole, na hapo ndipo akaona.

Akampeleka zahanati kwa daktari wa meno, mama mmoja asiyezingatia itifaki, ambaye huja huku kwetu mara moja moja na kufanyia kazi koridoni, kati ya mizani ya watoto wachanga na ndoo ya deki. Daktari alimtazama mtoto anavyomeza mate, anavyopumua, anavyotafuna. Akauliza kama hunyonya kidole, kama hulala mdomo wazi, kama katika ukoo yupo mwingine mwenye kidevu cha namna hiyo, na dada akanitaja mimi, jambo ambalo halikuwa la lazima. (Kicheko. Mratibu Mkuu anashika kidevu chake, anakiachia.) Kisha daktari akatamka maneno ambayo tangu hapo ofisi yangu imeyachapisha katika kila kalenda yake: "Mfupa wa mtoto bado unasikiliza. Ukikomaa, hausikii tena ila kwa kisu."

Basi dada akaja ofisini kwangu. Hakuomba mradi. Aliomba chumba kimoja chenye dirisha na bomba la maji, ili daktari akija apate pa kufanyia kazi, kwa mtoto wake na kwa watoto wa wengine. Sasa ninyi mnanijua: mtu akiniomba chumba, mimi nampa kituo. Nikamwambia, dada, fikra zako ni finyu, subiri. (Makofi kutoka kwa wasaidizi.) Chumba chenyewe kilikuwepo, sikatai, kile cha mwisho pale ofisini, chenye dirisha na bomba, lakini tulikihitaji kwa vikao vya kujadili kukosekana kwa chumba.

Tukaunda Kamati Ndogo ya Taya la Juu na Kamati Ndogo ya Taya la Chini, kila moja na mwenyekiti wake, katibu wake na chai yake, ambazo kwa mujibu wa rodimapu, yaani ramani ya utekelezaji, zingefanya kazi sambamba na hatimaye kukutana. Hazijakutana mpaka leo. Wa juu walishikilia kwamba wa chini ndio waje, kwa kuwa taya linalosogea ni la chini; wa chini wakajibu kuwa wamechoka kusogea kila siku. Tukaita wasuluhishi. Mwanasheria wetu akatuonya kwamba jino haliwezi kutamkwa kuwa limepinda kabla halijasikilizwa upande wake. Tukafanya semina elekezi, na warsha ya kuelekeza semina, na ziara ya mafunzo katika nchi moja ya mbali yenye watu wa meno yaliyonyooka, ambako ujumbe wangu ulikaa hotelini ukiwatazama wahudumu wanavyotabasamu, ukarejea na uzoefu mkubwa na miswaki midogo. (Makofi. Mjumbe mmoja anaonyesha mswaki.)

Na sasa, ndugu wananchi, ili mjionee kwa macho yenu ukubwa wa tatizo, namwita mpwa wangu apande jukwaani. Njoo, mwanangu, usione haya. Mnaona alivyorefuka; maendeleo hayo. Geukia wananchi. Fumbua mdomo, uma, achia midomo. Ndugu wananchi, tazameni jinsi safu ya chini ilivyotangulia, jinsi ilivyo, jinsi... (Kicheko kinaanzia mstari wa mbele na kwenda nyuma.) Tulieni. Hebu uma tena, mwanangu. (Msichana anauma tena. Meno ya juu yamekaa mbele ya yale ya chini, yote yamenyooka.) Mkuu wa itifaki, huyu ndiye mtoto mwenyewe?

(Msichana anajibu kabla ya mkuu wa itifaki: "Ni mimi mwenyewe, mjomba.")

Dada yangu ameomba kusema, na ingawa hayumo kwenye ratiba, ameshasimama. Kwa faida ya walio nyuma, nitayarudia anayoyasema, nikiyaboresha pale inapobidi. Anasema alisubiri kituo mpaka daktari alipomwambia mfupa haumsubiri mtu. Anasema walisogeza vitambaa dukani kwake, mtoto akalazwa kwenye meza ya kukatia nguo, daktari akachukua umbo la mdomo wake kwa plasta, na alipokuja tena akaleta kidude cha plastiki chenye waya na skrubu ndogo. Dada ndiye aliyekuwa akiizungusha skrubu hiyo kwa ufunguo mdogo, kidogo kidogo, kama alivyoagizwa. Anasema mtoto alitiririsha mate, akawa anaongea kama aliyejaza maji kinywani, akalia kwa maumivu, akakificha kidude uvunguni, kikatafutwa, kikaoshwa, akakivaa tena. Anasema ikafika siku wamekaa wanakula, mtoto akaacha kutafuna, akapitisha ulimi mbele ya meno yake, akapitisha tena, akaomba kioo. Na dada akalia juu ya gauni la harusi la mteja, ikabidi lifuliwe. (Akina mama wanatikisa vichwa.) Sasa anasema nini? Sema, dada, nisiboreshe.

(Fundi cherehani anasema: "Mdogo wangu, huyu ameshapona. Lakini watoto wengine wamejaa dukani kwangu, sina hata pa kuweka mguu kwenye mashine. Kile chumba bado tunakiomba.")

(Mratibu Mkuu anakunywa maji. Anamtazama mpwa wake, ambaye anawachekea wenzake chini ya jukwaa akiwa ameishusha mikono yote miwili, mbali na mdomo. Anakunywa tena.)

Ndugu wananchi, mmeshuhudia wenyewe. Wapo mahasidi waliodai kuwa mradi huu umechelewa, kumbe umemtibu mgonjwa kabla haujaanza. Huo kitaalamu unaitwa utekelezaji uliotangulia uzinduzi, na ofisi yangu ndiyo ya kwanza kuufanikisha bila hata kujua. (Makofi kutoka kwa wasaidizi peke yao.) Kuhusu chumba, ombi limepokelewa kwa uzito, na nitalikabidhi kwa kamati ya tatu, Kamati ya Ulimi, ambayo kijiografia inakaa katikati na itazifikia zile mbili kwa urahisi.

Nikisema "Taya", mnajibu "Likae". Taya. (Wachache: "Likae." Wengine wanaketi.) Si ninyi, ni taya. Meno yetu. (Kimya.) Jibu ni "Nidhamu yetu", limeandikwa kwenye fulana mlizogawiwa, na kama hamkugawiwa, zipo njiani.

Mwisho, shukrani. Namshukuru mchoraji wa mabango, ambaye kwa siku chache tu ametuchorea kituo kizima juu ya turubai hili kubwa lililo nyuma yangu, pamoja na madirisha, kibao cha mapokezi, na muuguzi anayetukaribisha. Namshukuru mwenye kiwanja na turubai, aliyeturuhusu kulisimamisha hapa hadi saa tisa, atakapokuja kulifungasha, maana kesho turubai lina harusi. Na nawaomba kwa heshima wale akina mama waliojipanga na watoto wao mbele ya mlango tangu alfajiri, wasisukume wala wasiuegemee, kwa kuwa mlango huo ni rangi, nayo haijakauka. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Katikati ya umati daktari wa meno anasimama, anachukua mkoba wake, anamwuliza fundi cherehani kama ufunguo wa duka anao. Anao. Foleni inageuka na kuwafuata, na wanafunzi juani wanaifuata foleni. Mratibu Mkuu anakata utepe.)