Ombi la Kuajiriwa Badala ya Rilei

Kwa Mheshimiwa Mjomba,
Mwenye Gereji, Mwenye Pikapu,
na Kaka wa Tumbo Moja wa Mama Yangu Mzazi.

Shikamoo.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KISANDUKU KIITWACHO RILEI, PAMOJA NA MAOMBI YA KAZI YAKE

Natumai kiuno kimepoa tangu Jumatatu. Mimi mwili mzima, ila moyo umeingia kutu. Najua ni ajabu kuandikiwa barua na mtu aliyekaa hatua thelathini kutoka ofisini kwako, nyuma ya gereji, juu ya ndoo ya boliti. Lakini ulisema hutaki kusikia sauti yangu mpaka Jumamosi, na mimi ni mtoto msikivu. Barua haina sauti.

Kwa kuwa nakujua, utamsomea mkeo, Shangazi, naye mambo ya waya hayajui. Basi namweleza. Shangazi, taa za ziada zinazofungwa kwenye bampa ni walafi wa umeme. Swichi ya ndani ya gari ni ndogo, umeme wote huo ukipita ndani yake inayeyuka kama peremende. Ndipo mafundi waoga wakaleta rilei, kisanduku mfano wa kibiriti. Swichi inakinong'oneza, chenyewe kinasema "ka!" na kufungua njia ya umeme mkubwa kutoka kwenye betri mpaka kwenye taa. Ni hayo tu. Hakuna uchawi.

Sasa Jumamosi yanakuja magari matatu ya wagonjwa kutoka hospitali, yafungwe taa hizo. Ulitangaza kwamba atakayeyafunga ndiye atakuwa fundi umeme wa gereji hii, na ulinitaja mimi. Leo nasikia umemtaja binti yako, yaani binamu yangu. Mimi umenipeleka kwenye kujaza magurudumu upepo, na Jumatatu ileile mbele ya mafundi wote ukatamka, "Kuanzia leo usiguse waya, hata wa kuanikia nguo." Mjomba, tangu siku hiyo naanika juu ya ukuta, na mbuzi wa jirani wamenilia kola mbili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jina langu limechafuliwa. Mimi ndiye Cheche. Jina hili sikujipa. Sawa, nilijipa, lakini watu wameliridhia. Ni gari gani liliingia humu bubu nikashindwa kulitoa linapiga honi? Lile la mwalimu mkuu kweli halikunyamaza tena, lakini yeye aliomba honi, hakuomba kimya. Shule niliiacha mwenyewe, haikunifukuza, na mpaka leo nikipita pale naona inanikumbuka.

2. Rilei ni mvivu. Nimeipasua moja kwa bisibisi nikaichungulia tumboni. Ndani mna waya mwembamba umezungushwa kwenye chuma, na kipande cha bati kinachoruka kikiitwa. Basi! Kazi yake ya siku nzima ni kuitika. Hata mimi naitika, tena naitika nikiwa nabeba injini.

3. Namba zake ni za kitapeli. Kisanduku kina miguu minne. Mtu mwenye akili angeihesabu moja, mbili, tatu, nne. Wao wameandika thelathini, themanini na tano, themanini na sita, themanini na saba. Nauliza kwa heshima zote: miguu hamsini na minne iliyo katikati imekwenda wapi? Nilipomuuliza binamu yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko si jibu, Mjomba. Naomba uchunguzi.

4. Binamu yangu anasoma karatasi ya maelekezo mbele ya wateja. Fundi kusoma karatasi hadharani ni sawa na mpishi kuwauliza wageni chumvi ni ipi. Halafu anapima waya kwa rula. Anaweka fyuzi jirani kabisa na betri. Waya wenyewe anauvisha bomba la plastiki, kama mtoto anayepelekwa kliniki asubuhi ya baridi. Taa mbili zinamchukua nusu siku! Mimi kwenye pikapu yako zilinichukua dakika kumi na moja, na waya nilitumia wa spika, niliobandua kwenye redio mbovu.

5. Jumatatu nilihukumiwa bila kusikilizwa. Nakumbusha mambo yalivyokuwa, maana wasimuliaji wameongeza chumvi. Ulikuwa unaendesha wewe. Mkuu wa Magari wa hospitali amekaa katikati, amekuja kuona kazi yetu kabla ya kutuletea magari yake. Mimi nimekaa dirishani. Kwa kuwa sina imani na swichi wala na rilei, nilikuwa nimevuta waya kutoka kwenye betri, nikaupitisha dirishani, ncha mbili nimezishika mwenyewe. Zikikutana, taa zinawaka. Zikiachana, zinazima. Mkuu wa Magari alivutiwa sana, akawa anazitazama zile ncha bila hata kupepesa macho.

Tukafika kwenye tuta. Hilo tuta si langu, liliwekwa na serikali. Mikono ikagongana, taa zikawaka mara mbili upesi upesi. Lori lililokuwa likitoka kwenye kiwanda cha mbao likaelewa kama dereva yeyote mwenye adabu anavyoelewa, yaani, "Pita, ndugu yangu." Likapita. Wewe ukakata usukani, tukaingia kwenye lundo la mchanga wa watu wanaojenga. Sasa hapo kosa la taa liko wapi? Ziliwaka mchana kweupe na zikaeleweka! Dereva wa lori alitupigia hata honi ya shukrani.

Lililoniuma halikuwa mchanga. Mkuu wa Magari alijipangusa, akauliza, "Kijana huyu ni nani?" Nawe ukasema, "Simjui." Akauliza tena. Ukasema, "Nadhani ni wa jirani." Mjomba! Miaka sita nalala kwako, mto ninaolalia ulikuwa wako.

6. Kama hoja ni kwamba mnong'ono mdogo lazima uzae nguvu kubwa, basi kisanduku hakihitajiki, kwa sababu binadamu wanaifanya kazi hiyo tangu zamani na kwa ufanisi. Mfano hai ni Shangazi. Wewe ukiwa kitandani ukisema chinichini, "Hivi watoto wameshalala?", yeye anaigeuza ngurumo, na nyumba nne zinazima taa, ikiwemo ya mpangaji mwenye miaka hamsini. Shangazi hana mguu wa themanini na saba. Wala hajawahi kuuzwa dukani. (Shangazi, hii ni sifa.)

7. Kwa msingi huo naomba rasmi kazi ya rilei, niifanye mimi. Nafasi ipo. Nimepima. Chini ya boneti ya gari la wagonjwa, upande wa betri, mtu mwembamba akikunja magoti anaenea, isipokuwa kichwa, ambacho kinaweza kubaki nje na kuvishwa kofia. Dereva akitaka taa agonge dashibodi mara moja, nitagusanisha waya na kutamka "ka!" kwa mdomo wangu, ili asikose mazoea. Akitaka zizimwe agonge mara mbili. Mimi nikigonga kutoka upande wangu, maana yake nimeanza kuiva.

Linganisha mwenyewe. Gari likizimika njiani, rilei haisukumi. Mgonjwa akiwa mzito, rilei haishiki machela. Rilei haijui njia za mkato. Kasoro pekee ni kwamba magari ni matatu na mimi ni mmoja, kwa hiyo nilizungumza na fundi breki na yule mpaka rangi wachukue mengine mawili. Fundi breki alisema, "Kapime homa." Mpaka rangi alinipaka rangi ya fedha sikioni. Nachukulia kwamba bado wanafikiri.

8. Endapo utalikataa ombi hili, basi nadai haki sawa na kisanduku. Rilei hata iwe ya bei ya kutupa, inapewa fyuzi. Mambo yakiharibika, fyuzi inaungua kwanza, kwa niaba yake, na yenyewe inabaki salama. Mimi tangu nije mjini hapa, nikikosea naungua mwenyewe, kavukavu, mbele ya wateja. Nilidhani fyuzi yangu ni wewe, Mjomba. Jumatatu pale mchangani ndipo nikajua nimeunganishwa moja kwa moja.

Kwa hayo machache, nasubiri majibu kwa maandishi, au kwa kukohoa mara mbili ukipita penye pampu ya upepo. Nisalimie Shangazi, na mpangaji, na fundi breki ingawa hastahili, na mpaka rangi mwambie sikio halitoki hata kwa mafuta ya taa. Msalimie Mkuu wa Magari mkikutana, umwambie kijana wa jirani anamwulizia hali.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, mwenye kipaji kinachopotelea kwenye vali za magurudumu,

CHECHE
Fundi Umeme (aliyesimamishwa)

N.B. Mjomba, utaona kuanzia namba sita mwandiko umenyooka na kila sentensi ina nukta. Si mimi. Ni hivi: nilitaka nikuthibitishie kwamba mtu anaweza kuwa rilei kwa muda mrefu, kwa hiyo tangu namba moja nilikuwa na kalamu mkono wa kulia, na mkono wa kushoto nimezibana ncha za waya wa pikapu yako iliyoegeshwa hapa nyuma, taa zinawaka. Nilipofika pale uliposema hunijui, nikaona ule waya wa spika unatoa moshi, na ngozi yake imenata kwenye vidole. Nikaung'oa kwa mkono wa pili, nao ukashika moto wake. Nikapiga kelele. Mpaka rangi alifika wa kwanza, akasema, "Rilei imelia!", akaenda kuwaita wenzake waje waone.

Aliyechomoa waya kwenye betri ni binti yako. Akanitumbukiza mikono kwenye karai la maji safi, akanifunga kwa vitambaa kidole kimoja kimoja, kisha akaiokota kalamu chini, akakaa kwenye ndoo yangu, akasema, "Haya, ulikuwa umefika wapi?" Ameandika yote niliyosema, hata ya kumsema yeye. Namba ya nane nilitamka maneno makali, yeye akasema, "Hapana, wewe sema kinachokuuma," nikasema, akaandika hicho.

Tulipomaliza akatoa rilei mfukoni mwa ovaroli, akaifunga kwenye pikapu yako pamoja na fyuzi yake na waya mnene. Sikumwona akikimbia, sikumwona akikosea. Akaniambia, "Washa." Kidude kikasema "ka!", taa zikajaa uwanja mzima, na hakuna mtu aliyeungua. Ni kitamu, Mjomba, sitakudanganya.

Magari ya wagonjwa mpe yeye. Wa kubonyeza swichi akikosekana, viwiko vyangu vyote viwili ni vizima.