Uso wa Mkurugenzi katika Kila Kivinjari

Kwa niaba ya Kamati ya Mwonekano Sawia, ambayo mimi ni katibu wake, nina heshima kuutangazia umma kwamba tovuti yetu ya kusajili watahiniwa sasa inaonekana sawa katika vivinjari vyote. Vivinjari vyote maana yake ni kile cha Mkurugenzi.

Chanzo ni wazazi, watu wasioridhika. Kwenye simu zao, picha ya Mkurugenzi ilikuwa imekifunika kitufe cha kutuma. Mzazi akibonyeza, anambonyeza Mkurugenzi shavuni, na hakuna kinachotumwa. Kwenye kompyuta ya Mkurugenzi picha ilikaa pembeni kwa adabu, kwa sababu tovuti ilijaribiwa hapo tu. Nani angeijaribu kwingine, kana kwamba macho ya bosi hayatoshi?

Tukamwita fundi.

"Kila kivinjari kina mazoea yake," alisema. "Tuyafute yote, tuanze sifuri, tuandike upya faili la mitindo linalosema picha ikae wapi, halafu tujaribu tovuti kwenye kila kivinjari."

"Mimi, na miaka yangu yote hapa, unirudishe sifuri?" Mkurugenzi aliuliza.

"Basi tupunguze picha kidogo, mzee."

Fundi akahamishiwa stoo.

Kamati ikaamua kwa busara kwamba tovuti isiguswe, wananchi ndio wasawazishwe. Kila mzazi aje atumie kompyuta ya Mkurugenzi. Foleni ikashuka ngazi, ikapita chooni, ikatokea getini.

Siku ya mwisho, dirisha la usajili likifungwa saa kumi, aliyefikia kiti alikuwa mama mshonaji, futi yake bado shingoni. Bintiye asingesajiliwa, angekaa nyumbani mwaka mzima.

Mkurugenzi naye alikuwa hotelini kwenye semina, na maombi ya kuongezewa mkataba yalifungwa saa ileile. Yalipokelewa kwa tovuti hiyohiyo tu, kwa agizo lake mwenyewe. Akanipigia.

"Katibu, nabonyeza kwenye simu yangu, haiendi."

"Unabonyeza wapi, mheshimiwa?"

"Puani."

"Jaribu kidevuni."

"Nimemaliza uso mzima. Itoe hiyo picha."

"Haitolewi bila kikao, mheshimiwa, na mwenyekiti ni wewe."

Akaja mbio, tai begani.

"Mama, nipishe. Hii ni ofisi yangu."

"Najua, baba. Nakutazama hapa kwenye kioo." Alikuwa akichapa kwa kidole kimoja, taratibu, asikosee jina la mtoto. "Foleni inaanzia getini."

Mkurugenzi alitazama waliosimama nyuma ya mama. Hakuna aliyesogea. Binti akasajiliwa, saa kumi ilimkuta Mkurugenzi kwenye foleni, karibu na choo.

Nafasi yake imetangazwa, na maombi yanatumwa kwa tovuti. Kompyuta ameondoka nayo, kumbe ilikuwa yake binafsi. Nimemfuata fundi stoo, nikamwita "ndugu yangu", nikamwomba aje aitoe picha. Anasema anapanga mafagio, hana nafasi.

Mimi pia nimeomba cheo hicho. Tangu asubuhi nabonyeza, sasa nipo masikioni.