Mfumo Mwepesi Kuliko Yote

Jumatatu, 5 Julai 2010

Lahti. Nyuzi thelathini kivulini, na ndiyo kwanza saa nne asubuhi. Madirisha yote wazi, nyumba bado tanuri.

Raili Kiuru amepiga simu. Raili ni katibu wa chama chetu sisi watu wa Hauklampi, kijiji ambacho tangu Juni 1944, vita vilipotuhamisha sote, kiko upande wa pili wa mpaka, na hakuna hata mmoja wetu anayeishi huko. Kitabu cha kijiji kinafungwa Ijumaa saa sita mchana. Kila nyumba ukurasa mmoja. Umebaki wa nyumba ya babu yangu Heikki peke yake. Uandikwe kwa kompyuta, utumwe kwa barua pepe. Mwandiko wangu wa mkono, asema, mchapaji aliuona mara moja na hataki kuuona tena.

Nikamwambia ukurasa unakaribia kwisha. (Haujaanza.)

Kisha akaniambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Onni Tuokko alileta ukurasa wake tangu Machi. Onni ni jirani yangu. Kule Hauklampi tulitenganishwa na ua, hapa tunatenganishwa na ghorofa moja. Nikauliza ameandika nini. Raili akasita, halafu akanisomea. Kwamba siku ya kuhama Heikki Pärssinen alipakia mkokotenini saa kubwa ya kusimama, ndefu kuliko mtu, ambayo haikuwa imepiga tangu 1931. Kwamba ekseli ilivunjika darajani kwa uzito wake. Kwamba kijiji kizima pamoja na ng'ombe wake kilisubiri muda wa saa tatu nyuma ya mzee mmoja mpumbavu.

Mpumbavu! Katika kitabu chenye jalada gumu. Wajukuu zangu watakisoma.

Lazima nijibu. Lakini kwanza kompyuta. Binti yangu Kaisu aliniletea haka kadogo, ukubwa wa sinia ya vikombe viwili, akasema: Baba, ni ka kuandikia tu. Kumbukumbu giga moja, kichakataji cha kutia huruma. Mfumo endeshi uliokuja nako unachukua dakika sita na sekunde kumi kuamka. Nimepima. Mtu hawezi kutetea ukoo wake kwa chombo kinachoamka namna hiyo.

Mpango: nibadilishe mfumo. Kazi ya jioni moja. Zimebaki siku nne. Nyingi mno, kusema kweli.


Jumanne, 6 Julai

Maktaba. Nimesoma mtandaoni mjadala juu ya swali hili hili: mfumo gani unafaa kompyuta ndogo isiyo na nguvu. Majibu mia mbili na kumi. Hakuna wawili waliokubaliana, na watatu walitukanana. Hakuna aliyemuuliza mwenye kompyuta anataka kuifanyia nini, jambo lililonipa imani kwamba ni wataalamu. Mifumo hii ni ya bure na yeyote anaweza kuunda wa kwake. Inaonekana kila mtu ameshaunda.

Nimechagua mmoja wenye nembo ya kunguru. Nimeupakua kwenye flashi yangu.

Nimekutana na Onni ngazini. Ana kompyuta kama yangu, ya duka lile lile, na hajabadilisha chochote. Anaiwasha, anakwenda kupika kahawa, akirudi imeamka. Nikamuuliza haoni aibu. Akasema kahawa lazima ipikwe vyovyote iwavyo.

Kunguru ni mzuri wa sura. Ukifunga dirisha linajikunja kama leso na kupeperukia pembeni. Kila kitu kina kivuli chake. Feni inalia kama kikausha nywele. Hata hivyo nimeandika ukurasa mzima, na ni mzuri: ziwa, tanuri la bibi, miti saba ya tufaha, na mkokoteni uliobeba cherehani, unga na mablanketi. Saa sikuitaja. Nisipoitaja haikuwepo.

Tatizo moja. Herufi zinatokea sekunde tatu baada ya kidole, kama ng'ombe anayevutwa asipotaka. Siwezi kuutuma ukurasa kama huu kutoka kwenye mashine kama hiyo. Kesho, mfumo mwepesi zaidi.


Jumatano, 7 Julai

Mfumo wa leo una nembo ya samaki. Wakati wa kuusimika uliniuliza kama utumie diski nzima. Diski yenyewe ndogo, kwa nini nitumie nusu? Nikakubali.

Ukurasa umekwenda na Kunguru.

Nilikaa kidogo barazani. Kisha nikaandika upya. Nusu ukurasa umetoka, na miti ya tufaha ni minne. Jana niliandika saba bila kusita. Leo nimefumba macho nikahesabu kutoka mlango wa ghala, na kila mara nafika minne, kisha ukungu.

Onni akaingia bila kubisha hodi, kama watu wa kwetu wanavyoingia. Wenyeji wa huku Lahti wamekaa nasi miaka sitini na sita na bado linawashtua. Alileta bakuli la stroberi. Akasimama nyuma yangu, akasoma.

"Umeandika cherehani," akasema.

Nikamwambia cherehani ilikuwepo.

"Ilikuwepo. Na saa je?"

Nikamwambia saa ni uvumi wa watu wasio na kazi.

"Tauno wewe. Ekseli yenu ilipokatika, hiyo saa ilihamishiwa kwenye mkokoteni wetu. Mimi nilikaa juu yake kutoka darajani mpaka stesheni. Makalio yangu yanaijua kuliko wewe."

Nikamuuliza anaonaje kasi ya Samaki. Akasema yeye haoni tofauti. Akala nusu ya stroberi alizoleta, akashuka kwake.

Samaki anaamka kwa dakika moja na sekunde arobaini. Haoni tofauti!


Alhamisi, 8 Julai

Samaki haoni Wi-Fi. Nimekwenda maktaba kutafuta dawa. Dawa ipo: kuna kipande kidogo cha programu, nacho hupakuliwa kwa kutumia ile Wi-Fi isiyoonekana.

Kwa hiyo mfumo wa tatu, mwepesi kuliko Samaki, mwepesi kuliko yote waliyoitaja. Nembo yake ni nyigu. Safari hii nilikuwa mwangalifu. Kabla ya kutoka nyumbani niliuhifadhi ukurasa kwenye flashi, nikaitia mfukoni na kufunga kifungo. Kompyuta ya maktaba ikanionya kwamba kilichomo kwenye flashi kitafutwa ili Nyigu aingie. Maonyo ya aina hiyo wanapewa watu wote. Nikaendelea.

Nilipofika mbele ya soko nikakumbuka kilichomo.

Lakini nakala nyingine ilikuwa bado ndani ya kompyuta. Nilikumbuka hilo pia, nusu saa baada ya kumsimika Nyigu.

Si neno. Nyigu ni ajabu. Hana picha, hana kipanya, hana vivuli. Kioo cheusi na kistari cha kijani kinachopepesa. Anaamka kwa sekunde kumi na moja. Kumi na moja! Nikampigia Onni simu aje na mashine yake tushindane, ashuhudie mwenyewe.

Akaja na kompyuta kwapani na sahani ya vimkate vyetu vya wali. Tukaziwasha pamoja mezani. Yangu ikaamka. Yake ikawa inafikiri. Onni akapika kahawa yangu kwenye jiko langu, akapaka siagi ya mayai, akala vimkate viwili polepole. Mimi niliketi mbele ya ushindi wangu kwa dakika tano na sekunde hamsini na tisa. Sikuwa na la kufanya.

"Sasa imeamka," Onni akasema hatimaye. "Imeamka ifanye nini?"

Nikamwambia hilo si swali la kiufundi.

Alipoondoka aliniachia vimkate vilivyobaki. Mtu anayeandika babu yako alikuwa mpumbavu, kisha anakuachia vimkate. Sijui nimweke wapi.


Ijumaa, 9 Julai

Asubuhi nimegundua kwamba Nyigu ana programu ya kuandikia. Inaitwa kwa amri ya maneno manne, na kufungwa kwa amri ambayo sijaipata. Kufikia saa nne nilikuwa na sentensi tatu. Nyumba ilikuwa kando ya ziwa. Tulipakia cherehani, unga na mablanketi. Tuliondoka na hatukurudi. Nikazinakili kwenye karatasi pia, kwa tahadhari.

Barua pepe Nyigu anayo, wanasema. Mwongozo wake ni kurasa tisini, umeandikwa na mtu anayedhani tulisoma darasa moja. Saa tano na dakika ishirini nilikuwa ukurasa wa nane.

Saa tano na dakika thelathini na tano nikashuka ngazi. Nilimwambia Onni kwamba nahitaji kuijaribu mashine yake, kwa ajili ya ulinganifu. Nilitazamia acheke. Hakucheka. Akaiwasha, akaenda kupika kahawa.

Sijawahi kukaa dakika sita ndefu hivyo. Ukutani ana ramani ya Hauklampi aliyoichora mwenyewe kwa penseli, kila nyumba na jina lake. Ya babu imo. Hata choo chetu kimo. Juu ya daraja hakuandika kitu.

Mashine ikaamka. Ikabidi niandike utetezi wangu dhidi ya Onni, kwenye meza ya Onni, Onni akiwa chumbani. Vidole vikagoma. Nadhani aliona.

"Andika unavyotaka," akasema. "Mimi naangalia nje."

Akachukua kikombe, akasimama dirishani, akanipa mgongo. Nilikuwa na karatasi yangu yenye sentensi tatu. Ilikuwa kazi ya kunakili tu. Lakini mgongo ule ni wa baba yake, aliyetembea mbele yetu siku ile akiwa ameshika hatamu za farasi, asigeuke hata mara moja kuangalia nyuma. Nikaiweka karatasi chini. Nikaandika hivi, naunukuu ukurasa wote:

"Saa ilikuwepo. Niliililia mimi, Tauno, nikiwa na miaka minane, nikakataa kupanda mkokotenini bila hiyo. Babu Heikki alishusha gunia la unga akaipakia, na hakumwambia mtu kwa nini, hata ekseli ilipokatika na kijiji kizima kikamtukana."

Nilituma saa sita kasoro dakika tatu.

Onni akaja kusoma. Alisoma kwa muda mrefu mno kwa sentensi tatu.

"Miaka sitini na sita," akasema. "Na hukusema."

Nikasema hakuna aliyeniuliza.

Akachukua simu akampigia Raili. Akamwambia lile neno "mpumbavu" kwenye ukurasa wake litoke. Nilimsikia Raili akijibu kwamba ni saa sita na dakika mbili, na kitabu kimefungwa. Onni hapazi sauti kamwe, na hata sasa hakuipaza.

"Raili mama, kijiji kizima kilisubiri saa tatu darajani. Wewe dakika mbili zinakushinda?"

Neno limetoka.


Jumamosi, 10 Julai

Zamu yetu ya sauna, chumba cha mvuke cha jengo letu, saa kumi na moja jioni. Nyuzi themanini na tano ndani, thelathini na moja nje. Onni anasema hayo ndiyo mapumziko pekee ya kulikimbia joto.

Hatukulizungumza jambo la jana. Alimwagia mawe maji, tukainamisha vichwa, mvuke ukapita. Baada ya muda akasema, kama anayeendeleza mazungumzo tuliyoyaacha hapo hapo, kwamba miti ya tufaha ilikuwa saba. Minne yenu, mitatu yetu, akasema. Matawi yalivuka ua, watoto tulikula bila kujua ya nani.

Saba, basi. Nimeiandika hapa, kwa kalamu.


Jumapili, 11 Julai

Raili alikuja kunywa kahawa. Anasema ukurasa wangu ndio bora katika kitabu kizima. Hauna neno la ziada, asema. Ameusoma mara tatu, na mara ya pili ilimbidi avue miwani. Akaniuliza nimewezaje.

Nimelifikiria swali hilo mchana kutwa, na jibu liko wazi. Ni mfumo. Kunguru alinipa ukurasa mzima wa mapambo. Samaki, nusu ukurasa. Nyigu, sentensi tatu. Mfumo ukiwa mwepesi, na mwandishi anakuwa mwepesi. Kwamba ukurasa wenyewe niliuandika kwenye mashine ya Onni ni jambo dogo la kiufundi. Roho yangu ilikuwa tayari imezoea Nyigu.

Nimepata habari za mfumo mwingine, mwepesi kuliko Nyigu. Uliundwa na bwana mmoja wa mji wa Tartu, ambaye kwa sasa hajibu barua.

Raili naye analalamika. Kompyuta yake inaamka kwa dakika saba, asema, na kitabu chote kimo humo, kurasa mia tatu na kumi na mbili, kikimsubiri mchapaji arudi kutoka likizo Alhamisi. Hakuomba msaada. Ni mwanamke wa haya, hapendi kusumbua watu. Yeye anakwenda kijumba chake cha ziwani hadi Jumatano, na kwa joto hili maua yake hayatavumilia, hivyo ameniachia ufunguo niyamwagilie mara mbili kwa siku.

Maua yapo mezani kwake, kando ya kompyuta. Nimeyaona.

Sitamwambia kitu. Namtakia ashtuke kwa furaha akirudi. Kesho nitakwenda mapema, kabla ya joto, na flashi.