Mafuta ya Setilaiti Yafika Othaya

Mandazi ya Peterson Ireri yalipoa mezani siku hiyo kwa sababu mwenyewe alikuwa akisoma gazeti lililoyafunga. Gazeti lilieleza kwamba mitambo midogo ya setilaiti haiwezi kulainishwa kwa mafuta ya kawaida. Huko juu hakuna hewa, na mafuta hayo hupotea kama mvuke. Ndiyo maana wataalamu hutengeneza yao maabarani, na tone moja hufanya kazi miaka na miaka bila mtu kupanda kuongeza.

"Bila mtu kupanda kuongeza," Ireri alirudia, kama aliyesomewa neno kanisani.

Alikuwa mtu wa Embu aliyehamia Skuta, mjini Nyeri, baada ya Embu kumjua vizuri mno. Mali yake ilikuwa suti ya kijivu, ulimi, na Peugeot nyeupe aliyoipenda kuliko ndugu zake. Kwenye buti alikuwa na sanduku la fundi saa, alilolipata mnadani, na ndani yake kichupa cha mafuta chenye maandishi ya kigeni. Siku zote alidhani ni mafuta ya cherehani. Sasa alikitazama kwa heshima mpya, akawasha gari kuelekea Othaya.

Huko Mathenge aliuza saa na redio, na kwa tamaa yake aliwauzia watu hata maboksi aliyoletewa bure. Ireri aliokota saa moja kwenye kaunta. Kwa ukucha akavuta kifundo cha pembeni kinachosimamisha mishale, polepole, kama anayejikuna.

"Mzee, hii saa yako imelala."

"Ati imelala? Si asubuhi ilikuwa inatembea?"

"Ni mafuta, mzee. Hii ya kawaida inakauka. Setilaiti ikiwekwa mafuta kama hii, itaanguka hapo kwa shamba yako ya majani chai."

Akatia tone moja kwa ncha ya pini, akapuliza, akasukuma kifundo. Saa ikaanza kutembea. Mathenge akaiweka sikioni, macho yamefumbwa.

"Na mtu akiwa na hiyo chupa yote?"

"Othaya nzima italeta saa kwake. Na chupa watarithi wajukuu."

Ireri aliondoka na redio kaseti kubwa kuliko zote dukani na bahasha nono juu yake. Aliimba njia nzima.

Wiki iliyofuata, akila pilau katika hoteli moja ya Nyeri, alimsikia mwanamke aliyevaa koti jeupe akimuulizia kwa jina. Kwa kawaida Ireri akiuliziwa hutorokea mlango wa jikoni. Lakini huyu alikuwa akitabasamu.

"Mimi ni Injinia Kananu, wa mambo ya setilaiti," alisema akiketi. "Nilinunua saa Othaya, ikawekwa tone ya mafuta yako. Tuliiweka kwa chupa tukatoa hewa yote. Mafuta haikupungua hata kidogo! Hiyo tunaagiza ng'ambo, na ni ghali kuliko dhahabu. Niletee chupa hapa kesho, na utaacha kupanga nyumba. Utakuwa mwenye ploti."

Ireri akaisukuma pilau kando. Hakuna kinachomchoma mwongo kama kugundua kwamba alisema kweli, tena kwa bei ya chini.

Kabla jua halijageuka alikuwa kwenye kaunta ya Mathenge.

"Mzee, chukua redio yako. Na bahasha. Mimi niko na haja ya ile chupa."

"Si ulisema ni ya wajukuu?"

"Wajukuu nitawaletea ingine!"

Mathenge alichungulia nje juu ya bega lake. "Hiyo Peugeot inakunywa mafuta sana?"

Ireri aliiacha Peugeot hapo, akarudi Nyeri kwa gari la abiria, kichupa kimefungwa ndani ya leso. Kesho yake aliketi hotelini mpaka viti vikapinduliwa juu ya meza. Injinia hakuja.

Asubuhi iliyofuata aliingia nyuma ya duka la Mathenge bila kubisha. Mathenge alikuwa anaosha Peugeot. Kibarazani, mbele ya cherehani, aliketi Injinia Kananu, leso kichwani, akishona sare ya shule.

"Karibu, baba," alisema. "Nakuletea chai."

"Wewe ni bibi yake!"

"Ndiyo. Siku ile nilikuwa nyuma ya pazia. Unaeleza mambo ya setilaiti vizuri sana. Mimi niliongeza kidogo tu. Na mzee aliuona ukucha wako."

"Ilikuwa ukucha mzuri," Mathenge akasema kwa upole, akikamua kitambaa.

Ireri akakiweka kichupa mezani kwa kishindo. "Basi shikeni mafuta yenu, nipeni gari yangu!"

"Hiyo? Hiyo ni ya kupikia. Yako niliweka hapa." Kananu alipapasa cherehani. "Hii mashini ilikuwa inalia mpaka majirani wananung'unika. Sasa sikiza."

Akakanyaga mara chache, akainuka kwenda jikoni. Gurudumu likaendelea kuzunguka bila sauti. Ireri alisimama akilitazama. Chai ikaletwa, ikashika utando, na gurudumu bado lilizunguka kana kwamba halijasikia kwamba limeachwa. Hasira zikamwisha. Akavuta kigoda karibu, akainamisha kichwa.

"Mama," alinong'ona, "imebaki hata tone moja?"