Bibi Apimwa Macho Ukumbini

Jumatatu, 4 Agosti
Shule zimefungwa, akili yangu haijafungwa! Ijumaa alasiri kuna filamu ya familia kwenye ukumbi wa mtaa. Mara moja tu likizo nzima. Tangazo mlangoni: mtoto haingii bila mtu mzima wa kwao. Baba yuko zamu. Mama kagoma, eti nimekata shuka lake jipya nikatengeneza hema. (Hema lenyewe zuri!) Binamu yangu Domo katangaza mtaa mzima kwamba mbio zangu za sakafuni zimefika ukingoni. Nimemwapia nitakaa safu ya mbele. Sasa lazima.

Jumatano, 6 Agosti
Kabaki Bibi. Tatizo: kwake filamu ni kazi ya wasio na kazi. Lakini leo kahangaika na uzi na sindano mpaka kanirushia vyote. Kichwa kikawaka! Nikamwambia Ijumaa ukumbini wanapima macho bure. Unakaa, taa zinazimwa, unatazama mbele, unataja kwa sauti unachokiona. Bibi kasema mume wangu una akili kumshinda baba yako. Najua, Bibi. Najua.

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa! Bibi kaja na vikongwe wenzake wanne. Safu ya mbele yote yetu. Nikampungia Domo mkono, kakaa nyuma kabisa, kanuna. Taa zikazimwa. Kwenye skrini akatokea punda. Bibi akapaza sauti: punda! Wengine: punda! Mmoja akabisha, farasi huyo. Bibi akasema mwenzetu kaharibika, aandikwe wa kwanza. Mwizi akajificha nyuma ya mlango, wakamtaja wote, mpaka soksi zake. Msimamizi wa ukumbi akaja na tochi. Bibi akamwita daktari, akamuuliza mbona anawamulika kabla hawajamaliza. Msimamizi akashangaa: daktari gani? Nani kawaambia? Vidole vitano vikanielekea.
Nimetolewa nje kwa kuvutwa sikio. Wao wakabaki! Wakaendelea kutaja: daraja! moshi! bibi harusi!

Jumamosi, 9 Agosti
Mama kanihukumu: vyombo vyote mpaka shule zifunguliwe. Nimeosha masufuria huku nikitafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Nimeliona! Macho yana kelele.
Filamu itarudiwa Jumatano, maana jana hakuna aliyesikia kitu. Nimeshamwambia Babu, karudi leo kutoka shamba, kuna kipimo cha masikio. Hicho hufanyika kimya kimya. Nimemwambia mara nne ndipo akanielewa. Kauliza kama aje na wenzake.
Nikampigia kelele: njoo nao wote!