Mama Mtulivu Kuliko Bi. Lo

Jumatatu, 3 Juni

Daktari amesema ubongo wangu si mbovu. Una milango mingi, yote wazi. Kelele, mwanga, harufu ya samaki wa jirani, vyote vinaingia bila hodi. Nipumzike kabla sijazimika kabisa. Nimekubali. Nitakuwa mama mtulivu kuliko wote mjini Chiayi, nimshinde hata Bi. Lo wa mlango wa pili, anayekunywa chai roshani bila haraka na dunia. Nimechora ratiba: mapumziko kumi na moja kwa siku. Kuipaka rangi kumenichukua mpaka magharibi. Sijapumzika.

Jumanne, 4 Juni

Kengele kumi na moja kwenye simu. Ya tatu ililia nikikaanga mayai. Nikaenda kupumzika. Mayai yakawa makaa. Ya saba ikanilaza chali sebuleni, natazama mvua kiooni, tone likimeza tone, mpaka nikahisi naelea. Yu-tung, binti yangu wa miaka sita, akarudishwa na Bi. Lo, ambaye mwanawe yuko darasa lake. Mtoto alikuwa amenisubiri langoni mwa chekechea dakika arobaini. Bi. Lo hakunilaumu, alisema tu kwamba watu wana mambo mengi. Heri angenitukana. Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumatano, 5 Juni

Kengele nimezifuta. Mpango mpya: kabati la matandiko. Yu-tung nimemchukua mapema, nikamwachia mama mkwe, nikaingia kwa dakika tano. Giza, harufu ya kafuri, mablanketi laini kama mawingu. Nikaota natembea juu ya ukungu, hakuna anayeniita. Nikaamka wananiita wote. Mama mkwe alikuwa anamwambia Bi. Lo kwamba nimetoroka. Nikaona aibu kutoka. Mlango ukafunguka kidogo. Yu-tung.

"Mama, unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu. Kichwa kimejaa."

Akafikiri. "Changu pia hujaa, shuleni. Sogea basi."

Akaingia, akafunga. Tulikaa goti kwa goti, tukisikia mvua tu.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe hasemi nami. Lakini kabatini, kando ya mto wangu, nimekuta wa pili, mdogo, wa Yu-tung.

Ijumaa, 7 Juni

Mwalimu wa Yu-tung ametuuliza wazazi nani atafunga wali kwenye majani ya mianzi kwa sikukuu ya mashindano ya mashua Jumatatu. Bi. Lo akaahidi vifurushi hamsini. Mimi nikasema mia mbili. Sijawahi kufunga hata kimoja. Ila nilisema kwa sauti tulivu kabisa. Kila mtu alisikia.